Jinsi Nchi ya Shwari Ilivyoitii Sheria ya Ukomo wa Ada

Nchi ninayoisimulia haipo, na sisi wakazi wake tumeshaizoea hali hiyo. Inaitwa Shwari. Jina hilo tulilipata siku ya uhuru, baada ya wale waliotaka jina jingine kuzikwa. Tangu hapo tumeishi kwa amani, na anayebisha hubisha mara moja tu.

Katika Shwari, chuo kidogo hakiruhusiwi kutoa cheti mpaka kiwe chini ya chuo kikuu. Kiwe cha maseremala, cha wapishi au cha wakunga, lazima kipande mlimani kwenye Chuo Kikuu cha Adhama na kuomba kuwa chuo kishiriki. Chuo kikuu hukagua, huridhika, hutoza ada, na kuanzia hapo cheti cha mwanafunzi hupigwa nembo ya simba anayesoma kitabu. Bila simba yule, cheti ni karatasi ya kufungia karanga.

Zamani ada ilipangwa na chuo kikuu chenyewe kulingana na mahitaji yake, na mahitaji yake yalikuwa mengi. Kulikuwa na ada ya kuomba, ada ya kukaguliwa, ada ya chai ya wakaguzi, na ada ya wakaguzi kusahau walichokagua na kurudi tena. Chuo cha wapishi kiliuza masufuria yake ili kilipe, kisha kikanyimwa ushiriki kwa kosa la kutokuwa na masufuria. Wakuu wa vyuo walilia. Kilio kilifika bungeni siku ambayo vipaza sauti vilikuwa vizima, na wabunge, kwa mshangao wao wenyewe, wakatunga sheria nzuri. Sheria ya Ukomo wa Ada za Vyuo Vishiriki iliweka kiwango kidogo ambacho hata chuo cha wasuka mikeka kingekimudu, ikasema hakuna chuo kikuu kitakachopokea fedha zaidi ya hapo.

Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Adhama wakati ule alikuwa Profesa Novati Rugambage, mtaalamu wa lugha, mtu mpole aliyevaa joho hata akienda kunyolewa. Wengi walidhani atakasirika. Hakukasirika. Aliisoma sheria mwanzo hadi mwisho, akairudia, kisha akawaita waandishi wa habari.

"Chuo chetu ni mtoto mtiifu wa sheria," alisema. "Sheria imetaja fedha, nasi hatutapokea fedha zaidi. Lakini ubora wa elimu una gharama yake, na Bunge haliwezi kupunguza gharama hiyo, kama lisivyoweza kupunguza shingo ya twiga. Tofauti iliyobaki tutaipokea kwa namna nyingine."

Mwandishi mmoja aliuliza ni namna gani. Akaonyeshwa. Alirudi kazini baada ya miezi kadhaa, akahamishiwa habari za michezo, kwa kuwa sikio alilobaki nalo lilimtosha kusikiliza matokeo ya mpira.

Kazi ya kupokea tofauti ilipewa Kurugenzi ya Ubora, na Mkurugenzi wake akawa Kanali mstaafu Mbaraka Tindo. Kanali alikuwa ameshiriki kuleta utulivu katika mikoa kadhaa, na mikoa hiyo imetulia hadi leo, maana haina watu. Alikuja na vijana wake, akawavalisha makoti meupe ya maabara na kumpa kila mmoja rungu la mpingo lililochongwa simba anayesoma.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mkuu wa chuo alilipa ada halali dirishani, akapewa risiti na tabasamu, kisha akaelekezwa chumba cha pili kulipa tofauti. Wa kwanza alikuwa Mzee Songoro wa chuo cha useremala. Aliingia kwa miguu yake akatolewa kwenye toroli, cheti cha ushiriki kikiwa kimefungwa shingoni kwa kamba kwa sababu mikono haikuweza tena kushika kitu. Aliyemfuata foleni, mkuu wa chuo cha makatibu muhtasi, alipoona toroli linapita alipatwa ghafla na mapenzi ya elimu, akaomba kutoa zawadi ya hiari kubwa kuliko ada zote za zamani. Sheria haikukataza zawadi. Profesa aliipokea kwa mikono miwili, akawasifu wananchi kwa moyo wa kujitolea.

Mwaka ulipokwisha, Waziri wa Elimu alitangaza kwamba sheria imefanikiwa na malalamiko ya ada yamekoma kabisa. Alisema kweli. Wenye taya nzima walikuwa wachache, na hao walikuwa wametoa zawadi.

Sasa, mbali na mlima ule, katika wilaya ya Ndolela, kulikuwa na Chuo cha Ukunga ambacho hakikuwa na cha kutoa zawadi. Mkuu wake alikuwa Bi Nakiete Mshuza, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana, ambaye alikuwa amewazalisha nusu ya wanawake wa wilaya na kuwagombeza nusu iliyobaki. Wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho walikuwa karibu kumaliza. Katika Shwari, mkunga asiye na cheti chenye simba akimgusa mjamzito ni jinai, na hukumu yake ni kifungo. Wakati huohuo wanawake wa Ndolela walikuwa wakifa kwa uzazi kiasi kwamba fundi wa majeneza wa pale, Bwana Kidunda, alitengeneza jeneza kubwa na dogo kwa pamoja na kuyauza kama seti.

Bi Nakiete aliamua kupanda mlimani mwenyewe na kuingia chumba cha pili. Aliyempinga ni Mwalimu Hizza Kimweri, mgane mrefu mwenye utani mwingi, aliyefundisha maumbile ya mwili chuoni hapo tangu kilipoanzishwa. Walibishana jikoni kwa wanafunzi, mbele ya sufuria la maharage.

"Bi Mkuu, wewe una mikono ya kuzalisha," Hizza alisema. "Wakikuvunja mkono, wameivunja wilaya. Mimi mifupa yangu ni ya kufundishia tu."

"Na wakikuua?"

"Hawaui. Wanakagua."

Walifika asubuhi. Bi Nakiete alilipa ada halali, na karani akamweleza kwa heshima kwamba tofauti inaweza kulipwa na mwakilishi yeyote wa chuo. Hizza alivua miwani akampa Bi Nakiete, akafunga kifungo cha juu cha shati kama anayekwenda kanisani, akaingia. Mlango ukafungwa.

Bi Nakiete alikaa kwenye benchi, na juu ya kichwa chake ukutani ilitundikwa ile Sheria ya Ukomo wa Ada ndani ya fremu ya dhahabu. Alisikia rungu la kwanza, kisha sauti ya Hizza, imara kama yuko darasani.

"Kigasha," ilisema sauti.

Rungu la pili likashuka. "Mtulinga." Likashuka la tatu. "Muundi." Vijana wa Kanali walianza kucheka, wakamwuliza na mfupa huu unaitwaje, naye akawajibu. Alitaja mbavu kwa mpangilio wake, kutoka juu kwenda chini. Kisha sauti ikawa nzito na majimaji, ikataja ubavu mmoja mara mbili, jambo ambalo Mwalimu Hizza hakuwahi kulikosea maishani. Halafu rungu likawa linasikika peke yake.

Bi Nakiete aliuvamia mlango na kuupiga kwa viganja vyote viwili. Mlinzi alimpiga usoni kwa kitako cha rungu, meno mawili ya mbele yakatoka. Aliyatema, akaendelea kupiga mlango.

Ulipofunguliwa, Kanali Tindo alikuwa akijifuta mikono kwa taulo jeupe. Alizungumza naye kwa upole, kama mganga anayetoa habari mbaya. Alimweleza kwamba kwa bahati mbaya mwakilishi wa chuo ameaga dunia kabla ya kukamilisha tofauti, kwa hiyo ombi la ushiriki haliwezi kupitishwa. Chuo kilikuwa huru kumleta mwakilishi mwingine amalizie.

Bi Nakiete alimwendea Hizza. Aliomba machela. Akaambiwa kuwa machela ipo, lakini matumizi yake hutozwa ada, na kwa kuwa chuo chake kilikuwa kimekwisha kulipa hadi ukomo wa kisheria, chuo kikuu hakiwezi kupokea hata senti moja zaidi. Wakikubali fedha yake watakuwa wamevunja sheria. Wakimpa bure, watakuwa wameshusha ubora.

Basi Bi Nakiete alifungua kanga yake kiunoni, akamfunga Hizza mgongoni kama mtoto, akashuka naye mlima. Mtu yule alikuwa mrefu na yeye alikuwa mfupi, kwa hiyo miguu ya maiti ilichora mistari miwili katika vumbi mpaka chini. Watu walisimama pembeni kumpisha. Kituo cha polisi kilikuwa njiani, akaingia na mzigo wake kushtaki. Mkuu wa kituo aliutazama mwili, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hilo ni suala la kitaaluma na jeshi lake haliingilii uhuru wa vyuo vikuu.

Mwalimu Hizza alizikwa Ndolela. Wanafunzi walilia mpaka sauti zikawakauka. Bi Nakiete hakulia. Kaburi lilipokwisha kufukiwa aliwaambia, kwa mdomo ambao ulikuwa bado umevimba, kwamba mitihani itafanyika kama ilivyopangwa, na atakayefaulu ataanza kazi siku hiyohiyo. Cheti ataandika Bi Nakiete mwenyewe kwa mkono wake.

Mwanafunzi mmoja, Tumsifu, msichana mkimya ambaye Hizza alikuwa akimtania kwamba mifupa ya mfano darasani inaongea kumzidi, aliuliza, "Mama, si tutafungwa?"

"Mtafungwa."

"Sote?"

"Sote. Lakini kwanza tuzalishe."

Walizalisha. Walikwenda kila kijiji, na kwa miezi kadhaa Ndolela haikuzika mzazi. Nyuma ya nyumba ya Bwana Kidunda seti za majeneza zilirundikana zikaanza kuota uyoga. Kidunda alikuwa raia mwema mwenye familia. Alikwenda kutoa taarifa.

Askari waliwafuata wakunga mmoja mmoja kazini. Tumsifu walimkuta katika nyumba ya mkulima mmoja, ameshika kichwa cha mtoto kilichotoka nusu. Wakamwamuru ainuke, hakuinuka. Walimpiga virungu vya mgongo, na yeye, bila kugeuka, akaendelea kumwambia mama asukume polepole. Alipokwisha kukata kitovu na kumfunika mtoto ndipo alipoanguka. Hakimu wa wilaya aliwahukumu wote kwa pamoja ili kuokoa muda wa mahakama, akampa Bi Nakiete miaka saba, kwa kuwa yeye ndiye aliyewapotosha wenziwe kuokoa watu.

Watu wa Ndolela ni watulivu, lakini si wajinga. Mwanamke wa kwanza kuelewa alikuwa Sikudhani, muuza mihogo, mwenye mimba iliyotimia. Uchungu ulipomwanza alitembea mpaka barabara kuu akamzaba askari wa usalama barabarani kofi la kumvua kofia. Alipigwa, akakamatwa, akafikishwa gerezani, na jioni hiyo akajifungua salama mikononi mwa Bi Nakiete.

Habari zikaenea. Askari wa barabarani walianza kutembea na mashavu yaliyovimba. Baada ya muda, wakiona tumbo kubwa linakuja walivua kofia wenyewe na kufumba macho. Mke wa hakimu wa wilaya, siku zake zilipofika, alimpiga mumewe kwa mwiko wa ugali wakiwa mezani, damu ikachuruzika mpaka kwenye mboga, na hakimu akamhukumu palepale kabla hajanawa mikono. Gereza la Ndolela likawa mahali salama kuliko pote pa kuzaliwa katika nchi yetu.

Mkuu wa gereza, Mrakibu Ambakisye Mwaipaja, hakuwa mtu wa huruma. Alikuwa mtu wa sifa. Magazeti yalipoandika kwamba gereza lake linaongoza kitaifa kwa watoto wanaozaliwa salama, aliwapa wakunga ghala zima, akawaruhusu kuwafundisha wafungwa wengine, na akaagiza ukuta upakwe rangi ya waridi.

Hapo ndipo Profesa Rugambage alipopata habari kwamba mahali fulani katika jamhuri watu wanafundishwa bila ya kuwa chini ya chuo kikuu. Alilitaka gereza lijisajili mara moja kama chuo kishiriki. Mrakibu alikuwa mtumishi wa serikali, akalipa ada halali siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata Kanali Tindo alifika lango la gereza na Kurugenzi nzima ya Ubora ndani ya malori, kuchukua tofauti.

Mrakibu alimpokea langoni, akampigia saluti. Alieleza kwamba angependa kushirikiana, ila gereza lake lina mila ya kutoa kipigo na halijawahi kuwa na utaratibu wa kukipokea. Kanali alisema ubora hausubiri utaratibu. Mrakibu akasema basi naye ana ubora wake. Nani alifyatua risasi ya kwanza, tume iliyoundwa baadaye iliona si busara kuuliza.

Walipigana mchana kutwa. Makoti meupe yalianguka langoni, sare za magereza zikaanguka ukutani, na rangi ya waridi ikawa haionekani tena ni ipi ya fundi na ipi ya watu. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba Ndolela kunafanyika semina ya pamoja kati ya taasisi mbili za serikali, na wananchi wanaosikia milio wasiwe na hofu, ni sehemu ya majadiliano.

Ndani ya ghala wanawake watatu walikuwa katika uchungu. Risasi zilipita madirishani na kung'oa vipande vya ukuta. Bi Nakiete aliwalaza chini, akatambaa kutoka kwa mmoja hadi mwingine, akiwaambia wavumilie milio ikiwa mikali na wasukume wakati watu wa nje wanajaza risasi. Walitii, na watoto walikuja katika vipindi hivyo vya kimya. Tumsifu alikuwa akivuka mlango na ndoo ya maji ya moto risasi ilipompata shingoni. Hakumwaga ndoo. Aliitua kwanza, halafu akaketi kando yake, na alipofikiwa alikuwa ameshakufa.

Bi Nakiete alimlaza kando ya ukuta, akamfunika kwa koti la mfungwa, akarudi kwa mama wa tatu.

Jioni milio ilipokoma, wafungwa walianza kuingiza majeruhi. Wa mwisho alikuwa Kanali Tindo, tumbo limepasuliwa na risasi, ameshikilia matumbo yake kwa taulo. Walimlaza kwenye mkeka mpya wa kuzalia, hatua chache kutoka alipolala Tumsifu. Alimtambua Bi Nakiete, na kwa nguvu alizobaki nazo akauliza swali la kikazi.

"Una cheti?"

"Sina," alijibu.

Wafungwa walisema aachwe. Walisema kwa upole, kama watu wanaotoa ushauri wa kawaida, na mmoja aliongeza kwamba hata sheria iko upande wao, maana mkunga huyu haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Bi Nakiete alisimama pale, damu ya watu wengi ikimkaukia viganjani. Chuki ilimjaa mpaka akaisikia chini ya kucha. Alimwangalia Tumsifu, akamwangalia yule mwanamume akihema, na kwa muda hakuna aliyejua atafanya nini, yeye mwenyewe hakujua.

"Leteni taa," alisema mwisho. "Na uzi."

Ganzi ilikuwa kidogo na ilikuwa ya wazazi, kwa hiyo alimshona hivihivi. Kanali alipiga mayowe kuliko wanawake wote waliojifungua siku ile. Wajawazito waliokuwa wakingoja zamu yao walimtazama kwa huruma, wakanong'onezana kwamba wanaume hawajazoea. Baadaye wenzake walimwuliza Bi Nakiete kwa nini amemwokoa. Alisema aliiambia mikono yake iache, ikakataa, na yeye alikuwa amechoka mno kugombana nayo.

Kanali alipona. Siku alipoweza kuketi bila kushikwa, jambo la kwanza alilofanya ni kumshtaki Bi Nakiete kwa kumtibu bila cheti cha chuo kishiriki.

Kesi iliendeshwa mbele ya Jaji Pantaleo Sumbi, aliyetumwa kutoka mji mkuu. Profesa Rugambage alihudhuria akiwa na joho, akakaa mbele. Chumba kilijaa wanawake wenye matumbo na wenye watoto mgongoni. Kanali alipandisha shati akaonyesha kovu. Daktari mkuu wa serikali aliitwa kulichunguza, akalichunguza kwa muda mrefu, akaieleza mahakama kwamba katika utumishi wake wote hajapata kuona mshono safi namna hii, na kwamba anaweza kuapa hakuna mtu mwenye cheti katika Shwari anayeweza kushona hivi. Jaji alimshukuru. Alisema huo ni ushahidi usio na shaka kwamba mshtakiwa hana cheti.

Bi Nakiete aliongezewa miaka kumi na miwili katika gereza la Ndolela.

Kwanza wanawake walishika vichwa. Kisha mwanamke mmoja nyuma, mwenye mimba changa, akaanza kuhesabu miaka hiyo kwa vidole, na uso wake ukafunguka. Akapiga kigelegele. Wengine wakamfuata, vigelegele vikajaa chumba, vikatoka madirishani mpaka sokoni, ambako nako vikapokelewa. Profesa alidhani wanashangilia ushindi wa elimu, akainuka akainama kidogo kushukuru.

Jaji aligonga meza mpaka wakanyamaza. Akamwuliza aliyehukumiwa kama ana la kusema kuhusu hukumu yake.

Bi Nakiete alisimama. Pengo la meno yake ya mbele lilionekana alipofungua mdomo. Alisema kuhusu hukumu hana neno. Ila kule ghalani amemwacha mama ambaye chupa imepasuka tangu asubuhi na mtoto amelala vibaya, na kama mahakama imemaliza, anaomba arudishwe gerezani haraka.

Mahakama ikakubali ombi hilo. Walimpakia kwenye gari la polisi, dereva akawasha king'ora, na barabara nzima, pamoja na gari la Profesa, ikasogea pembeni kumpisha.